Barua ya wazi kwa mnaosajili na kukagua magari: kwanini mnunuzi ndo awe wa mwisho kujua?

Waheshimiwa, habari za kazi.

Naandika kwenu nyie mnaosajili magari, nyie mnaoyakagua, na nyie mnaotunga na kusimamia sheria za kuuziana magari yaliyotumika. Sitasema gari ni ya kampuni gani wala nilinunua kwa nani, maana aliyeniuzia hata akiacha biashara leo kesho yuko mwingine. Shida yangu ni kwamba nilinunua gari iliyokwisha kula mzinga mkubwa, yaani ajali mbaya, na watu wengi tu walikuwa wanajua, ila kwenye ofisi zenu zote hakukuwa na dirisha hata moja la kuniambia mimi mnunuzi.

Ilianza na maji. Miezi miwili hivi baada ya kununua, mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi nafungua mlango nakutana na harufu kama ya nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Napapasa chini upande wa abiria, kapeti chapachapa. Nikasema labda niliacha kioo wazi. Nikakausha, ikaja mvua nyingine, maji yaleyale palepale. Na wakati huohuo tairi ya mbele ya upande huohuo ilikuwa inaliwa ndani tu, yaani kwa nje unaona tairi mpya, ukiinama ukapapasa kwa ndani unakuta nyuzi zimeanza kutokeza, nilishafanya alaimenti, ile ya kuweka matairi yakae sawa, mara mbili, mara ya tatu yule jamaa wa mashine akanirudishia funguo akasema bosi hii haikai, nenda kaonane na fundi wa bodi. Nikabaki namshangaa. Fundi wa bodi wa nini wakati gari haina hata mkwaruzo?

Fundi niliyempata ni mzee mmoja mtaratibu, hana maneno mengi. Hata boneti hakufungua. Alitoa kisumaku mfukoni, akakiviringisha kwenye kitambaa laini kisikwaruze rangi, akaanza kukipitisha kwenye bodi pole pole kama daktari anasikiliza kifua. Mlango wa dereva, kimeshika. Mlango wa nyuma, kimeshika. Akazunguka upande wa abiria, akakiweka katikati ya mlango wa mbele, kikadondoka. Akakiokota akakiweka tena, kikadondoka. Akaniangalia akasema, "Mwanangu, hapa bati liko mbali sana, hii unayoiona ni puti."

Kwa msiojua, rangi ya kiwandani ni nyembamba mno, mara nyingi ni kati ya maikroni 80 na 160 hivi (maikroni elfu moja ndo milimita moja), ndo maana sumaku inalisikia bati. Pakipigwa puti, yaani ule ujiuji wa kujazia bati lililobonyea ambao ukikauka unapigwa msasa na rangi, unene unapanda mpaka maikroni mia kadhaa hata elfu na zaidi na sumaku inakosa cha kushika. Kuna kifaa kabisa cha kupima hiyo, kinaenea kwenye kiganja, unakigusisha kwenye bodi kinakupa namba. Nitalirudia hili chini.

Akang'oa kapeti. Chini yake, kwenye kile kisponji kilicholowa, akachota kitu kwa vidole viwili akakiweka kwenye kiganja changu. Punje za kioo, ndogo ndogo, zimekaa kama chumvi ya mawe. Akaniuliza kioo chako cha mlango kimewahi kuvunjika? Nikamwambia hapana. Akasema basi kimevunjikia mikononi mwa mtu mwingine, maana kioo cha mlango ndo kinapasuka punje punje hivi, cha mbele kina tabaka la plastiki katikati kwahiyo kikipasuka kinabaki kimeshikana. Walisafisha gari lote wakasahau chini ya kapeti. Hapo sasa ndo akanionyesha maji yanapopita, kule pembeni kabisa ambako nguzo ya mbele inakutana na bati linalotenganisha injini na ndani, kulikuwa na mstari wa kuchomelea kwa mkono, umepindapinda, juu yake wamepaka silanti kama mtu anaziba bomba la jikoni.

Nilidhani tumemaliza. Akauvuta mkanda wa kiti cha abiria, ukatoka, haukurudi vizuri. Akauvuta mpaka mwisho kule chini kwenye kile kikaratasi kilichoshonewa, akanisomesha mwaka. Mkanda ulikuwa umetengenezwa miaka minne baada ya gari! Yaani umetolewa kwenye gari nyingine. Mikanda ya siku hizi ina kile kifaa kinachokuvuta nyuma ghafla ukigonga, kikishalipuka mara moja kazi imeisha, lazima ubadilishe. Kwahiyo wa kwanza ulilipuka.

"Kama mkanda ulilipuka," akasema, "tuangalie na eabegi." Yaani ule mfuko wa hewa unaojaa ghafla mbele yako gari ikigonga.

Akaniambia niwashe swichi bila kupiga stata nitazame dashibodi. Ile taa ya kimtu chenye mpira mbele yake inatakiwa iwake sekunde chache alafu izime yenyewe, ndo gari inakuambia nimejikagua niko sawa. Yangu haikuwaka kabisa. Miezi miwili naendesha sikuwahi kuona hilo, kwani nani anaangalia taa ambayo haiwaki? Tukafungua kile kifuniko cha dashibodi mbele ya abiria, kilikuwa kimegundishwa. Nyuma yake hakukuwa na eabegi. Kulikuwa na tundu, limeshindiliwa godoro la kiti lililokatwa na kisu ili ukibonyeza dashibodi isibonyee, na waya wa eabegi umefungiwa kirizista, kile kidude cha kupunguza umeme, kidogo kama punje ya mchele ili kompyuta idanganyike iamini mfuko upo. Na taa yenyewe ya kwenye dashibodi wameichomoa, nadhani walitaka wawe na uhakika mara mbili.

Waheshimiwa, pale mbele ya lile godoro ndipo anapokaa mke wangu kila siku.

Eabegi ya mbele inajaa ndani ya takriban milisekunde 30 hadi 40, yaani hujamaliza hata kupepesa jicho. Aliyekata lile godoro alikaa akapima, akakata, akagundisha, akapaka rangi ifanane, alafu akaenda kula chakula cha mchana. Hilo ndo linanitoa usingizini kuliko hela.

Sasa najua mtaniuliza, na wewe ulikagua? Nilikagua. Nilienda na fundi nikamlipa. Alisikiliza injini, akaangalia oili, akatazama moshi, akapiga raundi mbili, akasema chuma hiki. Injini kweli haina shida mpaka leo. Ila wote wawili tulienda na macho ya injini, ya bodi hatukuwa nayo. Na kosa langu jingine nalikiri hapa, gari niliiona ikiwa imetoka kuoshwa, bado inachuruzika maji, na gari yenye maji huwezi kuona tofauti ya rangi kati ya mlango na mlango. Nilifikiri jamaa ni msafi. Muuzaji nikamuuliza kabisa kwa mdomo wangu, imewahi kupata ajali? Akajibu haraka mno, "Hii? Hii haijaguswa."

Lakini sikilizeni, kabla ya mimi kununua, hiyo gari ilikuwa na cheti cha ukaguzi. Kipya. Breki zilipimwa, taa zilipimwa, moshi ulipimwa. Mtu mwenye mamlaka yenu alikaa kwenye kile kiti, akawasha swichi, na hakuuliza mbona taa ya eabegi haijawaka. Kama kwenye karatasi yake kungekuwa na mstari mmoja tu unaosema taa ya eabegi iwake kisha izime, ile kazi ya kirizista labda ingepita, ila kuchomoa taa kungekamatwa palepale. Kuangalia hiyo taa ni sekunde tano.

Alafu hebu fikirieni ni nani walikuwa wanajua. Aliyegonga anajua. Kama kulikuwa na bima, bima inajua, ina na picha. Askari aliyepima ajali aliandika. Aliyelivuta gari anajua, aliyenunua mabaki anajua, gereji iliyochomelea inajua, aliyepiga rangi anajua, duka lililouza mlango na mkanda vya mtumba linajua. Hiyo ni foleni nzima ya watu, na kila mmoja ana kipande chake, kimeandikwa mahali au kiko kichwani, na vyote vinahusu gari moja yenye namba moja iliyogongwa kwenye chuma. Mimi ninayeketi ndani yake ndo sina hata kipande kimoja.

Na namba ndo hoja yangu yote. Namba ya chesi ipo tayari, hamhitaji kubuni chochote. Kwa magari mengi yaliyotengenezwa tangu 1981 ina herufi na tarakimu 17, na hata herufi I, O na Q hazitumiki humo ili zisichanganywe na 1 na 0, yaani kuna watu walikaa wakafikiria mpaka makosa ya macho. Magari ya soko la ndani la Japani yana namba fupi zaidi kwahiyo mfumo wenu uzikubali zote mbili, hilo sio tatizo la kushinda watu wazima. Mwenye gari anabadilika, rangi inabadilika, injini inabadilika, namba ya chesi haibadiliki. Itundikeni historia ya ajali pale. Mtu anayetaka kununua aingize namba aone, iligongwa lini, upande gani, bima iliihesabu kuwa haifai kutengenezwa au la, eabegi zililipuka au la. Basi.

Najua mtasema taarifa za watu ni siri. Jina la mwenye gari mimi la nini? Aliyekuwa anaendesha, alikuwa na nani, alilewa hakulewa, hayo yote bakini nayo. Nataka habari za chuma tu.

Na msiniambie haiwezekani maana wenzenu wanafanya, japo nao wana matundu yao. Marekani wana mfumo wa taifa unaoitwa NMVTIS, chanzo chake ni sheria ya 1992, kampuni za bima na wanaonunua mabaki ya magari wanalazimika kuripoti, na mnunuzi wa kawaida anaweza kuangalia kwa malipo kidogo. Uingereza tangu Oktoba 2017 gari ambayo bima imeikatia tamaa inapewa herufi, A ni ya kusagwa yote, B unaweza kutoa vipuri ila bodi lazima isagwe, S iliumia kwenye mifupa ya bodi, N haikuumia kwenye mifupa. Herufi moja tu, mtu yeyote anaelewa! Japani kwenye minada gari inakuja na karatasi yenye mchoro wake, mkaguzi kaandika A penye mkwaruzo, U penye kibonyeo, W palipotengenezwa bati likabaki na mawimbi, XX palipobadilishwa kipande kizima, na gari iliyotengenezwa baada ya kuumia mifupa inapewa daraja la R au RA. Ile karatasi gari ikishatua nchi nyingine inachanwa au inachapwa nyingine safi na mnunuzi wa mwisho haioni.

Na huko Marekani kwenyewe kuna mchezo wa kufua hati, gari ina alama mbaya jimbo hili, inahamishiwa jimbo jingine lenye masharti laini, inatoka na hati safi. Kama inawezekana ndani ya nchi moja, fikirieni gari inayovuka bahari. Kwahiyo gari ikitoka nje, rekodi ya ilikotoka iombwe kabla ya kusajiliwa, na iombwe na nyie moja kwa moja, msiipokee mkononi mwa muuzaji.

Kuna jambo nisieleweke vibaya. Sisemi kila gari iliyogongwa isagwe. Bampa likikwaruzwa likapigwa rangi hiyo sio ajali ya kuandikia barua. Hata gari iliyoumia mifupa, ikiwekwa kwenye mashine ya kunyooshea, ikapimwa kwa vipimo vya kiwanda, vipande vikabadilishwa vinavyotakiwa kubadilishwa, inaweza kurudi barabarani na mtu akaipata kwa bei ya chini akijua anachonunua, mimi sina ugomvi na hilo. Yule mzee ndo kazi yake hiyo na anaifanya kwa heshima. Alichonielewesha ni kwamba sehemu ya mbele ya gari imetengenezwa ijikunje kwa mpangilio ili kishindo kiishie kule kabla hakijakufikia, mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz aliliombea hataza, yaani haki ya mbunifu, wazo hilo 1951 na 1959 likaingia kwenye gari za kuuzwa. Sasa bati lililokwisha kujikunja mara moja likanyooshwa kwa nyundo na moto, mara ya pili halijikunji vile lilivyopangwa. Na vyuma vigumu vinavyotumika kwenye nguzo siku hizi ukivipasha moto hovyo vinapoteza ugumu wake. Kwa nje huwezi kujua, rangi inang'aa vizuri tu.

Kwahiyo gari ambayo bima iliikatia tamaa kisha mtu akaifufua, ipitishwe kwenye ukaguzi wake maalum kabla ya kupewa ruhusa ya kurudi barabarani, wapime mifupa, wafungue kifuniko cha eabegi waone kwa macho, wasome miaka ya mikanda. Na kile kipima rangi nilichosema kinaenea kiganjani, mpeni kila mkaguzi kimoja. Kufungia eabegi kirizista ili kuidanganya kompyuta liwe kosa la jinai lenye jina lake, lisifichwe kwenye udanganyifu wa biashara, kwa sababu pale hujaibiwa hela tu, umewekewa mtego.

Na muuzaji aandike. Siku ile mimi niliuliza kwa mdomo nikajibiwa kwa mdomo, nilipomrudia akasema sikukwambia hivyo, halafu akanionyesha mkataba, mstari wa mwisho kabisa, gari imeuzwa kama ilivyo. Maneno manne tu yanafuta godoro, kirizista, puti, kila kitu. Wekeni fomu moja fupi kwenye uhamisho wa umiliki, muuzaji ajaze anajua au hajui ajali yoyote, asaini, na ikithibitika alijua akaficha mnunuzi arudishiwe hela yake, hilo la kama ilivyo lisimkinge. Hata wauzaji waaminifu watawashukuru. Mchumi George Akerlof aliliandika hili tangu 1970, na 2001 akapata Nobeli pamoja na wenzake wawili, kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha gari nzima na bovu atataka kulipa bei ya wasiwasi kwa zote, na mwenye gari nzima anaona bora akae nayo, sokoni yanabaki yale ya puti. Nilipomweleza yule mzee fundi akacheka akasema huyo naye aliuziwa nini.

Sasa gari yangu imepaki. Mke wangu hapandi na mimi sijamlazimisha. Niliitangaza kuiuza, nikaandika kila kitu, nikaweka picha ya tundu na picha ya godoro na ya zile punje za kioo kiganjani. Simu zikapigwa tatu. Mmoja anataka injini tu. Mwingine alidhani natania. Wa tatu dalali, ananiambia kwa upole kabisa kama ananishauri, kaka wewe futa hizo picha, nipe gari wiki moja, nakuuzia na faida juu. Sijafuta. Ila siwadanganyi, kuna usiku nimelala nikipiga hesabu ya kile nilichotoa nikaishika simu na kidole kiko juu ya picha.

Ndo nikaona niende ofisini kwenu, ili hata nikija kuishiwa nguvu ukweli uwe umeshaandikwa mahali ambapo mimi siwezi kuufuta. Nilipanga foleni mpaka dirishani. Nikamwambia dada wa pale nataka muandike kwenye faili la gari yangu kwamba ilipata ajali kubwa na haina eabegi ya abiria. Akanitazama, akauliza unataka kubadilisha umiliki? Hapana. Akafungua droo. Kuna fomu ya kubadilisha rangi, kuna ya kubadilisha injini, kuna ya kadi iliyopotea, kuna ya kuifuta gari kabisa. Alizipekua zote mbele yangu, sio mvivu yule dada, akaenda hadi kwa mkubwa wake chumba cha ndani, akarudi mikono mitupu. Nikipaka gari yangu rangi nyekundu lazima niwaambie ndani ya muda fulani la sivyo nina kosa. Ikigongwa ikachomelewa hamna pa kuandika.

Akaniambia kaka hiyo labda uwaandikie wakubwa barua. Ndo hii.